Ukitaka kusomea eksirei, anza na kifua cha dada yako

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakitoka, kijana mmoja wawili hunijia nyumbani Likoni kuniuliza kozi ya eksirei ikoje. Ya karatasi ni mafupi: diploma ni miaka 3, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wanataka wastani wa C, na maombi hupitia KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni. Angalia alama zako za biolojia na fizikia kabla hujachagua. Hayo utayamaliza jioni moja. Mimi nataka kukwambia kuhusu kusoma kwenyewe.

Usiikimbie fizikia. Nilipoanza nilikuwa nakariri tu, hadi kanuni moja iliponiingia: umbali ukiuongeza mara 2, mionzi inayokupata hubaki robo. Kanuni hiyo, pamoja na aproni yenye madini ya risasi, ndiyo itakayokulinda wodini ukipiga picha kwa mashine ya magurudumu. Beji ya kupimia mionzi ivae kila siku. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisieverti (kipimo cha mionzi mwilini) 20 kwa mwaka, na ukiiacha beji kabatini huna utakachohesabia.

Kisha jifunze kumweka mgonjwa, na hili halingoji mashine. Mimi nilimsumbua dada yangu sebuleni. Msimamishe aelekee ukuta, kidevu juu, migongo ya viganja kiunoni, kisha asukume mabega mbele hadi yaguse ukuta. Weka mkono mgongoni mwake uyasikie makombe ya mabega yakiteleza kwenda pembeni; yasipoteleza, yatafunika mapafu kwenye picha. Kazini mashine utaiweka umbali wa sentimita 180, moyo usije ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Mwambie: "Vuta pumzi. Vuta tena. Zuia." Ile ya pili ndiyo hushusha kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu. Picha ikitoka, hesabu mbavu za nyuma. Ukipata 10 juu ya kiwambo, pumzi ilitosha. Tazama na mitulinga, ile mifupa miwili ya juu ya kifua: ncha zake za ndani zikiwa umbali sawa kutoka uti wa mgongo, mgonjwa hakujipinda.

Nikiwa mwanafunzi nilimpiga mama mmoja picha ikatoka na kivuli juu ya pafu la kulia. Daktari akaanza kumuuliza habari za kifua kikuu, na yule mama akaanza kulia. Kumbe ni msuko wa nywele, umelala begani chini ya mtandio, na mimi sikuuliza. Akarudiwa picha, akapata mionzi mara ya pili kwa kosa langu. Linaniuma hadi leo.

Kwa hivyo uliza yote: msuko, pini za mtandio, mkufu, hirizi. Hirizi usiiguse wewe; mpe kitambaa safi, aivue na kuiweka mwenyewe.

Lililo gumu zaidi ni kumuuliza mwanamke kama ana mimba. Wengi huja na mama mkwe, na mbele ya mkwe jibu huwa "la" hata kabla hujamaliza kuuliza. Mwambie yule mzee kwa heshima: "Mama, naomba utusubiri pale kwenye benchi, mionzi isikufikie." Ni kweli tupu, naye hatakasirika. Mlango ukishafungwa, ndipo umuulize binti, kwa sauti ya chini, siku zake za mwisho aliziona lini.