Pikipiki moja ya spoti, barabara ya Likasi na uwanja wa mbio: namna ya kuipanga

Wengi wanaonunua pikipiki ya spoti hapa Lubumbashi huja gereji na ombi moja: ekzosi. Nawaelewa, mlio una raha yake. Lakini pikipiki ya cc 600 inatoka kiwandani na nguvu ambazo hakuna barabara ya Katanga inayoweza kuzimaliza. Kinachokosekana ni kuipanga kwa uzito wako na kwa lami unayopita. Siku utakayoipeleka uwanja wa mbio itataka mpangilio mwingine, na siku ya kurudi itataka ule wa kwanza. Kwa hiyo vifaa vyangu vitatu vya mwanzo ni futi ya kupimia, geji ya upepo iliyo mali yako, na daftari.

Mifano ya hapa ni ya Yamaha YZF-R6 ya 2008 hadi 2016. Kama yako ni nyingine, hatua hazibadiliki. Namba zake ziko kwenye kitabu chake.

Hatua ya 1: Andika ulichokikuta

Kabla hujageuza skrubu yoyote ya shokapu, ihesabu. Igeuze upande wa kufunga taratibu, ukihesabu kliki moja moja mpaka isimame, andika, kisha irudishe ilipokuwa. Usiikaze kwa nguvu inapofika mwisho. Ndani kuna sindano nyembamba na ncha yake huharibika. Kila hesabu ianzie pale ilipofungwa kabisa, ili wewe na fundi yeyote muwe mnasema namba ile ile.

Hatua ya 2: Pima inavyokaa chini yako

Hii ndiyo kazi kubwa, na haigharimu kitu. Mnatakiwa watu watatu: wewe juu, mmoja wa kushika usukani, mmoja wa kupima. Vaa kila unachovaa safarini: kofia ngumu, jaketi, buti, na begi kama hulibeba kila siku.

Anza nyuma. Chagua alama mbili: katikati ya ekseli ya tairi, na sehemu ya mkia iliyo juu yake wima. Bandika kipande cha tepu hapo juu ili mpimaji asihamehame. Kipimo cha kwanza ni cha springi isiyobeba kitu. Wengi huinyanyua kwa stendi ya gereji na kupima, na kipimo hicho hakifai, kwa sababu stendi ile inashika mkono wa nyuma unaobeba tairi, na pikipiki inabaki imeikalia springi yake. Iegemeze kwenye stendi ya pembeni, wawili waivute mpaka tairi la nyuma liachane na sakafu, wa tatu apime. Tuseme mmepata milimita 600.

Sasa panda. Miguu yote miwili juu ya vikanyagio, mwili umekaa kama unavyoendesha. Mpimaji mzuri ni yule asiyeogopa kusema. Kijana wa gereji yetu haoni haya hata mbele ya mteja mwenye heshima zake: «Yaya (yaani kaka), buti limegusa chini, tuanze upya.» Na tunaanza upya, maana ncha ya buti ikigusa sakafu inaipunguzia springi mzigo, na namba inayotoka si ya uzito wako.

Bonyezeni mkia chini, muuache upande wenyewe polepole mpaka utulie, mpime: 562. Kisha uinueni, muuache ushuke polepole, mpime tena: 568. Tofauti hiyo inaletwa na msuguano wa sili na viungo. Chukua katikati, 565. Toa kwenye 600, unapata 35. Hiyo ndiyo namba ya daftari.

Kwa barabara zetu natafuta milimita 35 hadi 40 nyuma, na kiasi hicho hicho mbele. Kwa uwanja wa mbio, 30 hadi 35. Ikizidi, kaza springi, ikipungua, ilegeze. Kukaza huku hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kunainua pikipiki tu, na ndiyo maana lazima kuwe na kipimo kimoja cha mwisho: shuka, iache isimame kwa uzito wake yenyewe, pima. Nyuma inapaswa kushuka milimita 5 hadi 10 hivi. Kama wewe ukiwa juu namba ni sahihi lakini bila wewe haishuki hata kidogo, springi ni laini mno kwako na umeikaza kupita kiasi. Nunua ngumu zaidi. Kama bila wewe inashuka sana, springi ni ngumu mno. Fedha ya ekzosi ningependa iende hapa kwanza.

Mbele ni rahisi zaidi: funga kamba ndogo ya plastiki kwenye bomba linalong'aa la shokapu ya mbele, panda, pikipiki ikitulia mpimaji aisukume mpaka igusane na sili, kisha shuka, inueni mbele mpaka springi isibebe kitu, mpime kutoka sili hadi kamba. Fanya mara mbili vile vile, ukibonyeza na ukiinua, uchukue katikati.

Vipimo viwili vya nyuma vikitofautiana sana, usiendelee kugeuza chochote. Viungo vya shokapu vimekauka grisi. Mashine za kuoshea zenye maji ya nguvu husukuma vumbi jekundu hadi ndani na kuiondoa grisi yote. Fungua, safisha, paka grisi, upime upya.

Hatua ya 3: Kasi ya kushuka na ya kurudi

Bonyeza mkia kwa nguvu na uachie. Urudi mara moja, kwa muda wa sekunde moja hivi, na utulie. Ukirukaruka, funga skrubu ya kurudi, ile inayopunguza kasi ya shokapu kujinyoosha, kliki mbili. Ukipanda kwa uvivu, fungua, kwa sababu kwenye mashimo yanayofuatana tairi halitapata muda wa kushuka tena, na baada ya mashimo machache pikipiki itakuwa imejikunja chini kabisa.

Skrubu ya kushuka mimi huifungua zaidi kwa barabara. Kutoka hapa hadi Likasi ni kilomita 120 hivi, na malori ya madini hayaihurumii lami. Shokapu iliyofungwa sana itakurusha kutoka kitini pale ambapo tairi lingepaswa kufuata bonde. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kliki mbili mbili, upite kipande kile kile cha barabara, uandike ulichohisi.

Hatua ya 4: Upepo

R6 inataka psi 36 mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Baridi maana yake haijatembea na haijakaa juani. Asubuhi ya Julai na mchana wake hapa ni hali mbili tofauti, na kila nyuzi 6 hivi za joto huongeza karibu psi moja. Pima asubuhi, kwa geji yako, kwa sababu geji za waziba pancha wa barabarani zimeanguka chini mara nyingi.

Uwanjani tairi hupata joto kubwa zaidi, na 42 nyuma italifanya liteleze. Kwa tairi za spoti za barabarani mimi huanza 31 mbele na 30 nyuma, baridi, kisha nafuata ushauri wa muuza tairi aliyepo pale, maana kila aina ina namba yake. Tairi lililozibwa pancha kwa kijiti haliingii uwanjani hata kama halivuji.

Hatua ya 5: Cheni, sproketi na vumbi

Safisha cheni kwa mafuta ya taa na brashi laini. Petroli inaharibu raba ndogo zilizo ndani. Paka mafuta jioni, cheni ikiwa bado ina joto, kisha futa yaliyozidi. Kiangazi, cheni iliyolowa mafuta hukusanya vumbi na kugeuka msasa.

Sproketi ya mbele yenye meno 15 badala ya 16, na ile ya 45 nyuma ikibaki, inafaa sana mjini. Uwiano unapanda kutoka 2.81 hadi 3.00, na pikipiki inaondoka kwa wepesi bila kuchoma klachi nyuma ya malori. Lakini kipima mwendo cha R6 kinasoma kutoka kwenye gia, hivyo kitaonyesha karibu asilimia 7 zaidi ya ukweli. Panga ulegevu wa cheni upya baada ya kubadilisha.

Filta ya hewa ikague mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema. Zile za karatasi iliyopakwa mafuta hazipulizwi kwa kompresa, zinabadilishwa. Na usiilishe injini yenye mgandamizo wa 13.1 kwa 1 petroli ya bidoni kutoka kwa Kadafi, muuza petroli wa pembeni mwa barabara, hata kama foleni kituoni ni ndefu.

Hatua ya 6: Breki

Mafuta ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubaliwa ni 155 tu. Badilisha mara mvua zinapoisha, mwezi wa nne au wa tano, na lazima kabla ya uwanja. Pedi za mashindano ziache huko huko: zinataka joto kwanza ndipo zishike, na mtoto anayevuka barabara kule Katuba hatasubiri zipate joto.

Ekzosi, sasa

Ukishamaliza hayo, weka. Ila programu ya injini ipangwe pamoja nayo, la sivyo umenunua kelele na mchanganyiko uliokosa petroli. Hapa tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Injini za sindano hujirekebisha zenyewe, za kabureta zinataka jeti ndogo zaidi.

Hatua ya 7: Kwenda uwanjani

Anayetaka kujua pikipiki yake inaweza nini asiitafutie jibu kwenye barabara ya Kipushi, yenye baiskeli za makaa na watoto wa shule. Nalisema kwa moyo wote. Viwanja vipo Afrika Kusini: Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, ina kilomita 4.5; Zwartkops, karibu na Pretoria, ni fupi na inamfaa anayeanza. Ni safari ya karibu kilomita 2,000. Ipakie kwenye gari, usiiendeshe: tairi la spoti litafika limekuwa bapa katikati. Ukivuka mpaka wa Kasumbalesa, kumbuka Zambia wanaendesha kushoto.

Uwanjani toa vioo, bandika tepu kwenye taa, funga boliti ya kumwagia oili kwa waya. Viwanja vingi havitaki dawa ya rejeta ya kuzuia baridi kali, kwa sababu ikimwagika lami inateleza vibaya. Wanataka maji matupu. Hapo kuna mtego kwa mtu wa Lubumbashi. Kiangazi chetu ndicho kipupwe chao, na usiku wa Juni au Julai Johannesburg joto huweza kushuka chini ya sifuri. Maji matupu yakiganda ndani ya injini yanaweza kuipasua. Yamwage jioni ile ile ukimaliza, urudishe dawa.

Jiandikishe kundi la wanaoanza, hata kama Lubumbashi nzima inakujua.

Hatua ya 8: Kurudi

Fungua daftari ukurasa wa barabara. Rudisha kliki za kushuka na kurudi, springi mbele na nyuma, upepo 36 na 42. Kagua unene wa pedi, ulegevu wa cheni, kingo za tairi. Rudisha vioo, toa tepu kwenye taa, kisha simamisha pikipiki mbele ya ukuta usiku, wewe ukiwa juu yake, uone mwanga unapopiga: springi zikibadilika, taa nayo hupanda au kushuka, na dereva wa lori anayetoka Likasi ndiye atakayemulikwa machoni.