Somo: Kuchagua na kutumia osiloskopu ya kompyuta bila kuunguza kompyuta

Wakuu, multimita inakupa namba moja: volti 5. Haikuambii kama hizo volti 5 zimetulia au zinatetemeka mara laki moja kwa sekunde. Osiloskopu ya kuchomeka USB, kifaa kinachochora kwenye skrini ya kompyuta jinsi volti zinavyobadilika, itakuonyesha, ukiichagua vizuri.

Hatua ya 1: Masafa, yaani wimbi linajirudia mara ngapi kwa sekunde. Kifaa kikiandikwa megahezi 20, usidhani ishara ya megahezi 20 utaiona ilivyo. Kwenye kikomo hicho kimo cha wimbi kimeshashuka hadi asilimia 70 hivi. Wimbi mraba linadai zaidi, maana kona zake zinajengwa na masafa ya mara 3, mara 5 na kuendelea. Mimi huchukua kifaa chenye masafa mara 5 ya ninachopima.

Hatua ya 2: Sampuli, yaani vipimo ambavyo kifaa huchukua kila sekunde. Soma maandishi madogo: sampuli milioni 100 kwa sekunde mara nyingi ni za chaneli moja, ukiwasha mbili zinagawana. Sampuli zikiwa chache mno, skrini inachora wimbi safi la masafa ya chini ambalo halipo kabisa, na utaliamini.

Hatua ya 3: Rekebisha probu, yaani waya wa kupimia. Iweke 10X (inapunguza volti mara kumi), iguse kwenye pini ya majaribio ya kilohezi 1 ya osiloskopu, kisha zungusha kiskrubu chake taratibu. Kona za wimbi mraba kwenye skrini zikichomoza kama pembe, umezidisha. Zikilala mviringo, bado. Simama mgongo wa wimbi ukinyooka. Na kwenye programu pia chagua 10X, la sivyo volti 5 zitasomeka 0.5.

Hatua ya 4: Graundi, yaani upande wa volti sifuri. Hapa naomba msome mara mbili. Kwenye vifaa vingi vya aina hii, klipu ya mamba ya probu, graundi ya USB na graundi ya kompyuta ni kitu kimoja. Niliwahi kuibana kwenye hasi ya kapasita kubwa ya pawa saplai, upande unaoingia umeme wa ukutani, nikiamini hasi ni hasi. Hasi ile haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Cheche moja, poti ya USB ikafa, na bodi ya laptopu ikaifuata.

MASWALI

Swali: Mkuu, nikichomoa chaja nikatumia betri, si nimesalimika?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Shoti inaweza isitokee, lakini sasa laptopu yenyewe imebeba umeme wa ukutani na vidole vyako viko kwenye kibodi. Tumia probu ya tofauti (differential, inayopima tofauti ya volti kati ya nukta mbili) iliyotengenezwa kwa volti kubwa. Kama huna, upande huo usiupime.

Swali: Kadi ya sauti inaweza kufanya kazi hii?
Jibu: Kwa mawimbi ya sauti, ndiyo. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde unafika kilohezi 20 hivi. Ila kwa kawaida inazuia DC (umeme usiobadilika mwelekeo), kwa hiyo volti 5 tulivu hutaziona, na ingizo lake ni la volti 1 hivi. Tanguliza rezista mbili za kugawa volti.

Swali: Wimbi langu linakimbia tu kwenye skrini, halisimami.
Jibu: Hiyo ni triga, mpangilio unaoamua wimbi lianze kuchorwa wapi. Chagua chaneli uliyochomeka probu, ukingo wa kupanda, kisha sogeza mstari wa triga hadi katikati ya kimo cha wimbi. Mstari ukiwa juu ya kilele au chini ya bonde, wimbi haliukati, kwa hiyo halisimami.