Begi dogo lenye mifupa: jinsi ya kuchagua begi la safari ya siku kadhaa milimani

Ukiomba begi dogo la kupandia mlima, mara nyingi utapewa begi la matembezi ya siku moja: mgongo laini, mkanda wa kiuno mwembamba kama utepe, lita 25 hivi. Ukisema unalala njiani, unaletewa la lita 65 ambalo mtoto anaweza kulala ndani yake. Unachotafuta kiko katikati: begi dogo kwa ujazo, lakini lenye mifupa, yaani fremu, ya begi kubwa. Yapo, ila yanahitaji jicho. Mimi natembea na la lita 40 kwa safari za siku tatu hadi tano, na hivi ndivyo ninavyomsaidia mtu kuchagua lake. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, kwa sababu wengi hukosea kwa kuanza na hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Kusanya mzigo kwanza, begi baadaye

Begi langu la kwanza nililinunua kabla ya hema, kabla ya jiko, kabla hata ya kujua naenda wapi. Lilikuwa kubwa, nami nikalijaza, maana nafasi ikibaki lazima ipate mpangaji: suruali ya tatu, taulo zito, kitabu ambacho sikukifungua. Siku ya pili nilikuwa nikishuka mteremko huku vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi.

Kwa hiyo tandaza kila kitu sakafuni: hema kama unalala humo, mfuko wa kulalia, godoro, jiko na gesi, nguo za baridi, koti la mvua, dawa, taa ya kichwani, chakula cha siku zote. Chakula kikavu huwa kati ya gramu 600 na 900 kwa mtu kwa siku. Maji hayana mjadala: lita moja ni kilo moja.

Sasa tafuta sanduku la karatasi lenye upana wa sentimita 30, kina cha 30 na urefu wa 45. Hilo ni lita 40 na nusu. Shindilia vitu vyako humo, ukiacha maji na vile vitakavyokaa mifuko ya nje. Vikiingia, umeshajua ujazo wako bila kumuuliza muuzaji. Visipoingia, usikimbilie sanduku kubwa zaidi. Angalia kwanza mfuko wa kulalia, hema na godoro, kwa sababu hivyo vitatu ndivyo vinavyokula nafasi. Mtu anayelala kwenye vibanda vyenye vitanda hutoshwa na lita 30 hadi 38. Mwenye hema jepesi aangalie 40 hadi 50.

Kabla hujavirudisha kabatini, pima uzito. Simama kwenye mizani mikono mitupu, kisha usimame tena umebeba vyote, na utoe tofauti. Ongeza maji, ongeza kilo moja na kidogo ya begi lenyewe. Andika namba hiyo mahali, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Pima mgongo, si kimo

Hapa ndipo begi linapopatia au kukosea, na ndipo watu wanapopita haraka. Saizi ya begi haihusiani na saizi ya shati. Nimewahi kumpimia jamaa mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni, mgongo wake ukatoka sentimita 44. Urefu wake wote ulikuwa miguuni. Alikuwa amebeba begi la saizi kubwa kwa miaka, akiamini mlima ndio unaomuumiza.

Tafuta mtu wa kukusaidia na tepu laini kama ya fundi cherehani. Inamisha kichwa: pale shingo inapoungana na mabega kuna pingili inayochomoza kuliko nyingine. Hapo ndipo pa kuanzia. Kisha shika kiuno, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee nyuma, kwenye uti wa mgongo. Chora mstari wa kufikirika kati ya vidole gumba hivyo. Msaidizi apime kutoka kwenye pingili hadi kwenye mstari, tepu ikifuata mkunjo wa mgongo bila kuvutwa. Simama wima kama kawaida yako. Ukijitutumua kama askari wa gwaride utapata namba ya uongo.

Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 38 na 54. Linganisha na jedwali la mtengenezaji wa begi husika, kwa sababu saizi ya kati ya huyu si saizi ya kati ya yule. Ukiwa mpakani mwa saizi mbili, tafuta begi ambalo kamba zake za mabegani hupandishwa na kushushwa. Huwa zito kidogo, lakini ni afadhali gramu 200 kuliko begi lisilokukaa. Mabegi yaliyoandikwa ya wanawake kwa kawaida yana mgongo mfupi, kamba zilizokaribiana na mkanda uliopinda zaidi. Mwanamume mwenye mabega membamba na mgongo mfupi ayajaribu bila haya.

Hatua ya 3: Tafuta mifupa inayolingana na uzito wako

Rudi kwenye ile namba. Ikiwa chini ya kilo 8 kwa jumla, begi lisilo na fremu, lenye kipande cha sponji tu mgongoni, litakutosha. Kati ya 8 na 14 unahitaji fremu, hata begi liwe dogo. Ikizidi 14, tatizo si begi tena. Rudi sakafuni ukapunguze.

Fremu inaweza kuwa vipande viwili vya alumini, ubao mwembamba wa plastiki, au waya uliozungushwa pembeni. Usihangaike sana na aina yake. Simamisha begi sakafuni, weka viganja juu yake, ukandamize kuelekea chini. Likijikunja kama gunia, litajikunja hivyohivyo mgongoni, na uzito wote utaning'inia mabegani. Likikataa, uzito utapita kwenye fremu hadi nyongani, na hiyo ndiyo kazi ya fremu.

Kuna yale yenye wavu uliotanuliwa, ambapo begi halikugusi mgongo. Hewa inapita vizuri, nakiri. Lakini kwenye begi dogo mimi siyapendi: fremu yake iliyopinda inaingia ndani na kumega nafasi, tena mzigo unakaa mbali na mwili na kukuvuta nyuma pale unapohitaji kupanda kwa mikono. Jasho hukauka, kuteleza ni jambo jingine.

Hatua ya 4: Mkanda wa nyonga

Mkanda haukai tumboni. Sehemu yake nene ikae juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, nusu juu ya ukingo, nusu chini, na izunguke mpaka mbele ya ncha za mfupa. Ukishafunga, mito ya pande mbili isigusane. Ikigusana hutakuwa na pa kukaza baada ya siku nne, kiuno kikishapungua.

Mabegi madogo hudanganya hapa. Mkanda unaweza kuwa mnene na wa kupendeza, kumbe umeshonwa kwenye kitambaa tu. Shika sehemu ya juu ya begi kwa mkono mmoja, vuta mkanda chini kwa mwingine. Kitambaa kikitanuka na fremu isisikie chochote, huo mkanda ni pambo.

Hatua ya 5: Jaza, vaa, tembea

Usijaribu begi tupu, wala lililojazwa karatasi. Weka uzito wako halisi. Chupa za maji zilizofungwa kwenye blanketi zinafaa. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mabega, na vyepesi viende chini na nje.

Legeza kamba zote. Vaa, kisha funga mkanda wa nyonga kwanza, ukaze vizuri. Ndipo uvute kamba za mabegani mpaka ziguse mabega, si mpaka zibebe. Halafu vile vikamba vifupi vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye kichwa cha begi: vielekee juu kwa digrii 30 hadi 45. Vikilala bapa au kuelekea chini, fremu ni fupi kwako. Mwisho kamba ya kifua, chini kidogo ya mtulinga, iliyolegea kiasi cha kukuacha uvute pumzi ndefu.

Tazama kwenye kioo ukiwa upande. Kamba ikiacha pengo juu ya bega ilhali mkanda uko mahali pake, begi ni refu. Mkanda ukipanda tumboni kila unapokaza mabega, begi ni fupi. Sasa panda na kushuka ngazi nusu saa. Inua goti juu, inama, angalia juu uone kama kichwa kinagonga begi. Vidole vikianza kuwasha au kufa ganzi, legeza mabega na ukaze nyonga. Hali ikiendelea, rudisha begi.

Hatua ya 6: Vilivyobaki

Mfuko wa pembeni uwe ule unaoweza kutoa na kurudisha chupa bila kuvua begi. Zipu chache ni bora kuliko nyingi. Kuhusu mvua, kifuniko cha nje husaidia, ila upepo wa mgongo wa mlima hukichomoa na maji hupenya upande wa mgongoni. Mimi naweka mfuko mgumu wa plastiki ndani ya begi na kukunja mdomo wake. Nailoni ya denia (kipimo cha unene wa uzi) 100 hadi 210 ni imara vya kutosha ilimradi huburuzi begi kwenye miamba.

Acha lebo mpaka umelitembeza nyumbani kwa saa nzima. Na zile ncha ndefu za kamba zinazopigapiga upepo, usizikate kabla ya safari ya kwanza: ukivaa koti nene la baridi utashangaa ni kiasi gani unazihitaji. Ukirudi, kata zilizozidi, kisha unguza ncha kidogo kwa kiberiti zisifumuke.