Kukokotoa dozi ya kila mgonjwa, kuanzia mizani hadi sirinji

Hesabu ya dozi ni kuzidisha na kugawanya tu. Kinachoponza ni kuianza na uzito wa kukisia, au na namba iliyosomwa haraka pembeni mwa ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano. Kwa hiyo mpime mgonjwa leo, kwa kilo. Uzito wa kadi ya miezi mitatu iliyopita haufai kwa mtoto. Mizani ikisoma ratili, gawanya kwa 2.2.

Kisha soma agizo lote: ni miligramu ngapi kwa kilo, na ni za mara moja au za siku nzima? Amoksilini mg 80 kwa kilo kwa siku, mara mbili, maana yake ni mg 40 kwa kilo kila mara. Mtoto wa kilo 10 anapata mg 400 kila baada ya saa 12. Ukiruka hayo maneno "kwa siku", utampa 800 kila mara.

Sasa tuseme mtoto wa kilo 12 ameandikiwa jentamisini mg 7.5 kwa kilo, mara moja kwa siku. Dozi yake ni 7.5 × 12 = mg 90. Ampuli uliyonayo imeandikwa mg 80 katika ml 2. Gawanya dozi unayotaka kwa dozi iliyomo, zidisha kwa ujazo:

90 ÷ 80 × 2 = ml 2.25

Kabla ya kuvuta, litazame jibu. Tisini inazidi themanini kidogo, basi nalo jibu lizidi ml 2 kidogo, na ampuli ya pili itafunguliwa. Ukipata 0.225 au 22.5, nukta imehama. Tumia sirinji yenye mistari ya ml 0.1 na usimame katikati ya 2.2 na 2.3, yenye mistari ya 0.2 itakulazimisha kubahatisha.

Dawa za unga zina mtego wake: unga nao unachukua nafasi. Kuna ampisilini ya mg 500 ambayo ukiitia ml 2.1 za maji ya sindano unapata ml 2.5, yaani mg 200 kwa kila ml. Ukiitia ml 2.5 kamili utapata kama ml 2.9, na kila ml itabeba mg 172 tu. Kiasi cha maji hutofautiana kwa mtengenezaji, kwa hiyo fuata karatasi iliyomo kwenye boksi lako, si mazoea ya wodi.

Asilimia ni gramu katika ml 100: lidokeini ya 2% ina mg 20 kwa ml. Adrenalini ya 1:1000 ina mg 1 kwa ml, ya 1:10,000 ina mg 0.1. Kuzichanganya hizi mbili ni kosa la mara kumi. Insulini ivutwe kwa sirinji yake ya yuniti, basi.

Kwa dripu, zidisha ml kwa idadi ya matone ambayo seti (mrija wa dripu) hutoa kwa kila ml, gawanya kwa dakika. Ml 500 kwa saa 4, seti ya matone 20 kwa ml: 500 × 20 ÷ 240, karibu matone 42 kwa dakika. Idadi ya matone imechapwa kwenye mfuko wa seti. Seti ya watoto ya matone 60 ni rahisi: ml kwa saa ndiyo matone kwa dakika.

Kilo zisikupitishe kikomo. Parasetamoli mg 15 kwa kilo kwa mtu wa kilo 80 inatoa mg 1200, lakini dozi moja haizidi gramu 1. Figo zikiwa dhaifu, jentamisini irudishwe kwa daktari kwanza.

Andika 0.5, kamwe si .5, andika 5, si 5.0. "Mikrogramu" iandikwe kwa kirefu.

Mwenzako naye akokotoe upya kutoka kwenye agizo, bila kuona jibu lako; akiliona kwanza atalikubali tu. Mkitofautiana, dawa ibaki kwenye trei mpaka ijulikane namba zilipoachana.