Matema hadi Ikombe kwa mitumbwi: jinsi ninavyoliongoza kundi

Nimekulia Pangani, kando ya mto unaojaa na kupwa. Kule safari hupangwa kwa maji: yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Bamvua likishika, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, huwezi kushindana na mkondo; unausubiri ugeuke. Nilipohamia Tukuyu kufundisha na kuanza kuwapeleka wenzangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba, Ziwa Nyasa, nilidhani kwa kuwa ziwa halijai wala halipwi, saa yoyote ni saa ya safari. Sivyo. Ziwani ratiba anaishika upepo.

Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 580. Upepo wa kusini-mashariki una uwanja mrefu wa kusukuma mawimbi kabla hayajatufikia, na kati ya Mei na Agosti huwa mkali. Machi na Aprili mvua ya Kyela haina mchezo. Mimi huchagua Oktoba.

Fikeni Matema jioni ya siku iliyotangulia, kupitia Ipinda, mlale. Usikubali mpango wa kutoka Mbeya alfajiri na kupanda mtumbwi saa tano. Hiyo ndiyo saa ambayo mimi nataka tuwe tumeshageuza. Jioni hiyo nenda ufukweni ukaongee na wavuvi. Amkia wazee kwanza, na ukiweza kusema "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, asubuhi inayofuata, mazungumzo yanalainika. Patana bei ya kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kusubiri Ikombe, kijiji tunakokwenda, mbele ya wote watakaopiga kafi. Kisha uliza swali moja: kesho ziwa litakuwaje? Mvuvi akisita, ahirisha. Nimeshaahirisha mara mbili, na akina mama walininunia hadi Tukuyu, lakini nitaahirisha tena.

Mitumbwi ya pale ni ya gogo, myembamba. Abiria wawili na mpiga kafi mmoja, basi. Kila abiria avae jaketi okozi, hata anayejua kuogelea. Sisi tumenunua ya kwetu kwa fedha za kikoba kwa sababu ufukweni hayapatikani kwa uhakika. Kila mtumbwi uwe na kidumu kilichokatwa cha kukumbia maji. Simu zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni. Kaeni chini kabisa, magoti yameguswa na mbao, na anayetaka kupiga picha apige akiwa amekaa.

Sasa mpangilio wa msafara, na hapa nakuomba unisikilize sana. Mwaka mmoja tulikuwa mitumbwi saba. Vijana wawili wenye nguvu walitangulia, wazee wakabaki nyuma, na upepo ulipoamka ghafla hatukuonana tena kwa karibu nusu saa. Kati ya Lyulilo, kijiji jirani na Matema, na Ikombe, Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja sehemu nyingi. Huna mchanga wa kukimbilia kila unapotaka. Walifika salama, lakini sijasahau ile nusu saa. Tangu siku hiyo mtumbwi mzito zaidi ndio unaotangulia, na wote wanafuata mwendo wake. Mimi nakaa wa mwisho na filimbi. Mlio mmoja: simameni mkusanyike. Mitatu: tunaelekea nchi kavu iliyo karibu, bila mjadala. Mpiga kafi wa mbele ndiye anayechagua mahali pa kutia nanga, maana anayajua mawe.

Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa likiwa bado limelala, na kundi letu hutumia saa moja na nusu hivi. Mkae karibu na mlima, msikate katikati. Upande wa pili, kwenye mdomo wa mto Lufilyo, sipeleki mtu: wenyeji wanasema kuna mamba, nami nawaamini. Kichocho nacho kipo ziwani, kwa hiyo baada ya safari pitieni zahanati mkaulizie dawa.

Ikombe ni kwa Wakisi, wafinyanzi. Kaeni na mama mmoja mumtazame anavyouzungusha udongo kwa mkono. Msiulize bei kabla hajamaliza chungu alichokishika. Saa nne tunapanda mitumbwi. Vyungu viwekwe katikati, chini, vimezungushiwa majani makavu ya migomba, visizidi viwili kwa mtumbwi. Anayetaka kumi asubiri Jumamosi, gulio la Lyulilo, avinunue akiwa amesimama nchi kavu.