Jinsi ya kuomba majaribio kwenye tokamaki ukiwa Kigoma au Tabora

Tokamaki ni mashine inayoshikilia plazma, yaani gesi ya moto sana yenye chaji, kwa uga wa sumaku ili kutafiti nishati ya muungano wa nyuklia. Mashine hizo ziko mbali: DIII-D iko San Diego, Marekani, ASDEX Upgrade iko Garching, Ujerumani, na MAST Upgrade iko Culham, Uingereza. Ombi lenyewe unaweza kuliandika ukiwa Ujiji au Nzega. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupendekeza jaribio la kutuliza milipuko ya ukingoni mwa plazma, ile wenye fani wanayoiita ELM, ambayo kwenye mashine kubwa kama ITER, inayojengwa Ufaransa, inaweza kula kuta za tangsteni.

Kwanza pata mwenyeji, yaani mtafiti anayefanya kazi kituoni. Ndiye atakayekuambia wito wa mawazo unafunguliwa lini na kundi gani litayapanga kwa umuhimu. Makubaliano ya mtumiaji na ruhusa ya kuona data yaombe siku hiyohiyo. Ukisubiri wazo likubaliwe kwanza, siku ya jaribio itafika huna akaunti. Majina yafuate pasipoti, na barua ya idara iyaandike vilevile.

Wakati huo fanya mazoezi. Data za MAST, mashine iliyotangulia MAST Upgrade, ziko wazi kwa umma. Chukua pigo moja, yaani mwasho mmoja wa plazma, chora mwanga wa D-alfa (mwanga mwekundu wa deuteri, hidrojeni nzito) dhidi ya muda, na utaona miiba: kila mwiba ni mlipuko mmoja. FreeGS, programu ya bure ya Python, itakusaidia kukokotoa umbo la plazma kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwenye ukurasa wa wazo, usieleze hali ya H, ile ambayo plazma hutunza joto vizuri zaidi, iligunduliwaje kwenye ASDEX mwaka 1982. Wanaosoma wanajua. Andika swali moja, kipimo kitakacholijibu, na idadi ya mapigo.

Mawazo mengi hukwama kwenye mpango wa mapigo. DIII-D ikienda vizuri hutoa mapigo kama 30 kwa siku, kila moja la sekunde chache, na huenda ukapewa nusu siku tu. Kwa hiyo anza na pigo la rejea: namba ya pigo ambalo tayari lilifanyika, lenye umbo na nguvu ya kupasha joto unayoitaka. Ombi lisilo na rejea linamaanisha asubuhi yote itaishia kuijenga plazma ya msingi, na wapangaji wanalijua hilo.

Kisha q95, namba inayoonyesha uzi wa sumaku karibu na ukingo huizunguka mashine mara ngapi kwa njia ndefu kwa kila mzunguko mmoja wa njia fupi. Uga wa sumaku wa koili za ziada zilizo karibu na plazma huzima milipuko pale tu unapopatana na mzunguko wa nyuzi za sumaku kwenye kilele cha mteremko wa shinikizo ukingoni. Kwa uga wa n=3 (unaojirudia mara tatu kuizunguka mashine) kwenye DIII-D, dirisha hilo liko karibu na q95 ya 3.5, na ni jembamba. Usiweke thamani moja ukatumaini. Omba mkondo wa plazma upandishwe polepole ndani ya pigo, q95 ishuke kutoka 3.9 hadi 3.3, nawe utaliona dirisha likifunguka na kufungika. Pigo linalofuata, simama katikati yake. Hapo ndipo upandishe mkondo wa koili kwa hatua: kiloampea 1, 2, 3, 4.

Andika pia kitakachoharibika. Koili zikiwashwa, msongamano wa plazma hushuka. Ukiurudisha kwa kupuliza gesi nyingi, ukingo hupoa, chembe hugongana zaidi na milipuko inaweza kurudi. Uga ukizidi wakati plazma inazunguka taratibu, mawimbi ya sumaku hujifunga mahali pamoja na plazma inaweza kuvunjika ghafla. Kwa kila tatizo weka hatua ya kurudi nyuma: punguza koili kwa kiloampea 1, au ongeza msukumo wa miale ya chembe inayoizungusha plazma. Wengi huliacha tupu eneo hili, na ndilo linaloonyesha kama mwombaji anaijua plazma yake.

Vipimo viombe kwa jina. Leza za Thomson hutoa joto na msongamano wa elektroni. Mzunguko wa ayoni hupimwa kwa mwale maalumu wa chembe, kwa hiyo mwale huo lazima uwake katika sekunde unazozitaka. Usipoandika muda huo, hutapata kipimo.

Siku ya jaribio utafuatilia kwa mtandao. San Diego ikiwa saa 2:30 asubuhi, Tabora ni saa 1:30 usiku wakati wa majira yao ya baridi, na saa 12:30 jioni wakati wa kiangazi chao. Weka betri iliyojaa na laini za mitandao miwili. Mpe mwenyeji jedwali la maamuzi lililochapishwa: milipuko ikiisha, endelea na pigo gani, isipoisha, badili nini kwanza. Kati ya pigo na pigo kuna kama robo saa tu, na umeme ukikatika Tabora jedwali hilo litamwezesha kuendelea bila wewe.