Kiti cha ofisi kikalie kabla hakijavuka Mokowe

Ndugu yangu unayerudi Lamu na kazi yako ya kompyuta, kiti cha ofisi kijaribie bara, Malindi au Mombasa, kabla hakijapakiwa botini. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya umezoea siku 14 za kubadili nia ukinunua mtandaoni. Huku Kenya risiti nyingi huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kiti kikiwa kibovu, ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kikiwa kizima ila kinakuumiza mgongo, ni hisani ya mwenye duka tu. Na kukirudisha ni hamali au punda mpaka gatini, boti mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, kisha basi. Gharama hiyo hakuna atakayekulipa.

Kwa hiyo usikae dakika mbili za haya. Muombe muuzaji nusu saa, toa kompyuta yako, fanya kazi. Nyayo zote zikanyage sakafu, viwiko viwe sawa na meza, na vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Halafu kipandishe mpaka mwisho, kalia, ungoje. Changu cha kwanza kilishuka polepole kama maji kupwa: asubuhi kiko sawa, adhuhuri mabega yamepanda masikioni. Gesi ya nguzo yake, ile inayokiinua, ilikuwa inavuja, nami dukani sikukaa muda wa kuligundua hilo.

Chagua mgongo wa wavu. Ngozi ya bandia hubambuka kwa joto letu, na hewa ya chumvi hula nati na magurudumu ya chuma.

Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu zina ngazi nyembamba, basi pima mlango na ngazi kwanza, au nunua kinachofunguka vipande. Boksi lake usilitupe.

Kabla ya kulipa, muuzaji aandike kwenye risiti: siku ngapi za kurudisha, nauli juu ya nani, pesa au kubadilishiwa. Ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Ukiwa bado ughaibuni unamnunulia mdogo wako, akajaribu mwenyewe atakayekikalia, si binamu aliyeko karibu na duka. Mpigie kwa video, simu ishikwe ubavuni mwake, uone magoti na viwiko vyake kabla hujatuma pesa.